Tundu Juu ya Boneti

Waswa alimpiga mtu ngumi ya mdomo kwa ajili ya injini, na hapo ndipo mkewe, Seline Achola, alipojua kwamba gari alilolitaka yeye limeshampita.

Walikuwa wamekwenda kwenye yadi moja ya magari pembeni mwa mji wa Kisumu, Jumamosi asubuhi, kuchagua kati ya magari mawili yaliyosimama bega kwa bega kama ndugu. Yote mawili yalikuwa SUV za aina moja, viti vile vile, magurudumu yale yale. Tofauti ilikuwa chini ya boneti. Lile jeupe lilikuwa na injini ya lita mbili, ya kawaida, isiyo na makuu. Lile jeusi lilikuwa na injini kubwa iliyofungwa turbo, mtambo wa kuisukumia hewa, na juu ya boneti yake kulikuwa na tundu pana la kuvutia hewa hiyo, limetanuka kama pua ya fahali anayetafuta wa kumpiga pembe. Vioo vyake navyo vilikuwa vyeusi tii.

Seline alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua mbuta na ngege Luanda Kotieno, ufuoni alikozaliwa, akawauzia wenye hoteli wa Kisumu, na alikuwa amechoka kubembeleza madereva wa watu.

"Baba Nekesa, hii nyeupe inatutosha," alisema. "Inakunywa mafuta kidogo, na spea zake ziko kila duka. Samaki hawana haraka. Wamekwisha kufa."

"Samaki hawana haraka, lakini barafu iko nayo," Waswa akajibu, macho hayabanduki kwenye gari jeusi. "Mama Nekesa, wewe fikiria. Umebeba barafu, uko nyuma ya lori ya mawe kwa ule mlima wa Kisian. Hii nyeupe itakulilia kama mtoto. Hii ingine unaigusa tu, lori iko nyuma."

"Kwani tunashindana na malori?"

"Nguvu ni kitu ya kukaa nayo hata kama huitumii."

Seline alijua maneno hayo yanatoka wapi. Mumewe alikuwa Mbukusu wa Bungoma kwa asili, lakini alikulia Nyalenda, ambako mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Utotoni alitumwa kuteka maji kwenye bomba la mtaa, na kila mara wakubwa walimsukuma nje ya foleni mpaka siku alipomvunja mmoja wao jino kwa kifuniko cha sufuria. Tangu siku hiyo alipata maji bila kungoja. Sasa alikuwa fundi wa umeme mwenye vibarua wake na nyumba ya kupanga Kaloleni, lakini foleni ile hakuwahi kuitoka. Ukimpita mlangoni bila kumpisha, shingo yake ilivimba.

Huenda angekubali lile jeupe. Alikuwa ameanza kulizunguka, akipiga teke magurudumu yake polepole, dalili kwamba anayatafakari maneno ya mkewe. Ndipo bwana mmoja mwenye kitambi na miwani ya jua akaja, akafungua mlango wa gari jeusi na kuketi kwenye usukani.

"Hiyo tunaiangalia sisi," Waswa akasema.

"Angalieni tu," yule bwana akajibu bila kugeuka. "Kuangalia ni bure. Hii si ya watu wa kuangalia."

Seline aliinua mkono amshike mumewe shati, akashika hewa. Waswa alimtoa yule bwana garini kwa kola. Miwani ikaruka. Yule bwana, naye hakuwa mnyonge, akamkaba Waswa koo, wakaanguka pamoja juu ya boneti ya gari jeupe, wakabingirika mpaka chini kwenye kokoto. Waswa ndiye aliyeinuka juu. Alimpiga mara moja mdomoni, kisha mara nyingine, na walinzi wa yadi walipomvuta nyuma, damu ya yule bwana ilikuwa imemchirizika kidevuni mpaka kwenye shati.

Yule bwana aliondoka akitoa vitisho. Waswa alisimama akitweta, akifuta vidole kwa leso, na Seline akaona usoni mwake kwamba mazungumzo yamekwisha. Mtu akishamwaga damu kwa ajili ya injini kubwa, haendi nyumbani na ndogo.

Walilinunua lile jeusi.

*

Wiki chache baadaye walikwenda nalo Luanda Kotieno kuchukua samaki. Seline hakuweza kukana kwamba lilikuwa gari. Lilipanda mlima wa Kisian kama linateremka. Waswa alicheka njia nzima, akiyapita magari mengine moja baada ya jingine, akimwambia mkewe asikilize turbo ikivuta pumzi.

Ufuoni, hata hivyo, watu hawakulisogelea. Kwa kawaida gari likifika, wachukuzi hulikimbilia kugombania mzigo. Siku hiyo walisimama mbali, mikono nyuma. Akina mama waliokuwa wakipara samaki waliacha visu vyao vikining'inia. Ni mpaka Seline aliposhuka ndipo mmoja wao alipoguna kwa nguvu.

"Kumbe ni wewe! Achola, mama, unataka kutuua na moyo?"

Wakamweleza. Juzi yake, kijana mmoja aitwaye Opiyo, aliyekuwa akiwasemea wavuvi kwenye mikutano na kuyaweka maneno yake kwenye simu kila mtu ayaone, alichukuliwa mchana kweupe sokoni, njia ya Ndori. Watu wanne waliofunika nyuso walishuka, wakampiga kitako cha bunduki kichwani, wakamtupa ndani wakaondoka. Hakuna aliyejua ni akina nani wala wamempeleka wapi. Walichokijua ni gari: jeusi, vioo vyeusi, tundu juu ya boneti.

"Hapo sokoni mpite pole," yule mama akasema. "Au mkae hapa mpaka kesho. Vijana wana hasira mbaya."

Seline alimwambia mumewe. Waswa alikuwa akipanga masanduku ya barafu kwenye buti.

"Mimi nimeteka nani?" akauliza. "Nitafichaje gari yangu kama mwizi?"

"Nani amesema uifiche? Nasema tulale kwa mama."

"Samaki watalala na nani?"

Wakaondoka alasiri, jua likiwa bado kali.

*

Gogo lilikuwa limelazwa barabarani pale soko linapoanza. Waswa alipolifikia akafunga breki, na kabla vumbi halijatulia, nyuma yao mkokoteni ulisukumwa ukaziba njia. Watu wakatoka katikati ya vibanda. Hawakupiga kelele kwanza. Kimya hicho ndicho kilichomtisha Seline. Kisha jiwe moja likapiga kioo cha nyuma, kikamwagika chote juu ya samaki, na kelele zikalipuka.

"Ndio wao! Wamerudi!"

"Opiyo ako wapi? Mmemtupa wapi?"

Seline aliteremsha kioo chake, akatoa kichwa nje. "An nyar Uyoma!" alipiga kelele kwa Kijaluo, kwamba yeye ni binti wa huko huko Uyoma. "Mimi ni Achola, nachukua samaki Luanda Kotieno! Tazameni, ni samaki!"

Waliokuwa karibu walisita. Mwanamke mmoja mzee, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimkodolea macho na kusema, "Huyu namjua. Huyu ni mtoto wetu." Pengine yangeishia hapo. Lakini upande wa pili kijana mmoja alikuwa ameufungua mlango wa Waswa na kumvuta mkono, na Waswa alifanya alichokifanya maisha yake yote. Alishuka na ngumi. Kijana akaenda chini, pua imepasuka.

"Mimi si mtu ya kuvutwa!" Waswa akanguruma, na lafudhi yake ya Bungoma, ya mtu wa kuja, ikasikika soko zima.

Basi ikawa amejihukumu mwenyewe. Rungu lilimpata begani, jingine gotini. Alipiga wawili watatu kabla hajaanguka, na alipoanguka hakuonekana tena. Seline aliona migongo tu, na miguu ikipanda na kushuka kama watu wanaotwanga. Aliona jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto likiinuliwa kwa mikono miwili. Alisikia lilipotua, na sauti ya mumewe, ambayo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisikia ikilia, ikatoka kama ya mbuzi.

"Weyeuru! En chwora!" Mwacheni, ni mume wangu. Alipiga kelele mpaka koo likawaka. Hakuna aliyesikia. Mtu alikuwa akiita, "Petroli! Leteni petroli!" na kweli, mwendesha bodaboda mmoja alikuwa akija mbio na mtungi wa manjano.

Seline alihamia kwenye usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma. Alibonyeza honi asiiachie, akalisogeza gari kando kando kuelekea rundo la watu, na bampa ilipogusa migongo yao wakaruka huku na huku. Waswa alikuwa chini, uso wake ni damu na udongo, jicho la kushoto halionekani lilipo. Yule muuza omena alikuwa amemfunika kwa mwili wake, akiwatukana wote kwa majina ya baba zao. Yeye na muuzaji mwenzake walimburura Waswa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakamtupa ndani juu ya vipande vya vioo.

"Enda!" yule mama akamwambia Seline. "Enda, mwanangu!"

Kati ya ncha ya gogo na ukuta wa kibanda cha mkaa palikuwa na mwanya. Seline aliuona. Mtungi wa petroli ulikuwa umeshafunguliwa. Harufu yake iliingia garini, na kitu cha baridi kikamrukia mkononi kupitia dirishani. Akakanyaga mafuta.

Alikuwa amezoea kuendesha magari ya watu, magari ya kuombwa, ambayo ukiyakanyaga yanakohoa kwanza ndipo yaende. Lile jeupe la yadi lingekohoa. Watu wangepata nafasi ya kuruka. Hili liliguna mara moja na kufyatuka kama limetupwa na mkono wa mtu. Kijana mmoja aliyesimama kwenye mwanya ule, jiwe limeinuliwa juu ya kichwa, hakupata hata muda wa kubadilisha sura. Boneti ilimchukua kiunoni. Jiwe likaangukia kioo cha mbele, kijana akaangukia upande, na gurudumu la nyuma likainuka kidogo, likashuka.

Kuinuka kule na kushuka kule Seline alikuhisi kwenye mifupa ya kiti chake.

Barabara ilikuwa wazi mbele yake. Gari lilikuwa tayari linakimbia, upepo unavuma ndani.

"Usisimame!" Waswa akasema kutoka nyuma, maneno yamejaa damu. "Mama Nekesa, kanyaga! Watatuchoma!"

Aliendesha mpaka pale barabara inapopinda. Kwenye kioo cha pembeni aliona watu wameinama wakimzunguka yule aliyelala, na mmoja amesimama ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akafunga breki.

"Unafanya nini? Seline!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Nekesa azaliwe.

"Nimemkanyaga mtu, Waswa. Hakuna gari ingine pale."

Akageuza gari.

*

Walimwona akirudi, wakamkimbilia na mapanga. Alisimamisha gari mbali nao kidogo, akashuka, mikono juu.

"Nimemkanyaga mimi," alisema. "Mleteni. Nitamfikisha Kisumu. Mkitaka kuniua, niueni huko."

Wa kwanza kumfikia alikuwa mtu mrefu, kaka wa yule kijana aliyekanyagwa. Jina lake, kama alivyokuja kulijua baadaye, lilikuwa Dalmas. Alimpiga kwa ubapa wa panga shavuni. Seline alisikia mfupa ukilia, akapiga magoti. Panga likainuka tena, safari hii upande wa makali.

"Dalmas!" Ilikuwa sauti ya muuza omena. "Unataka kisasi ama unataka Oketch apone? Chagua moja! Damu haikungoji!"

Panga lilibaki juu. Kisha likashuka polepole.

Wakamleta Oketch juu ya mlango wa kibanda uliong'olewa. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umegeuka kutazama upande usiopaswa kuutazama, na damu ikitoka kwa mapigo. Hapakuwa na mahali pa kumlaza ila kiti cha nyuma, kando ya Waswa. Dalmas aliketi mbele, akaweka panga kwenye shingo ya Seline.

"Akikufa njiani," alisema, "na wewe hufiki."

Seline akakanyaga mafuta, na kwa mara ya kwanza akaiomba ile injini kila ilichokuwa nacho. Ndori ikapita. Akina mama wenye mitungi waliruka kando. Malori aliyapita huku honi ikilia, kioo cha mbele kimepasuka kama utando wa buibui, akichungulia kupitia tundu dogo, na kila gari lilipotikisika makali yalimchanja shingo, tone moja la damu likafuata jingine ndani ya blauzi.

Nyuma, Oketch alikuwa akilia kwa kumwita mama yake. Ghafla kilio kikakatwa. Dalmas akageuka. Seline aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akaona mumewe, jicho moja limefungwa kwa damu, amejivua mshipi wa suruali na kuuzungusha kwenye paja la kijana. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, meno yamekenuliwa, mpaka mishipa ya shingo yake ikasimama.

"Shika hapa," alimwambia Oketch. "Mwanaume, shika. Usilale. Ukilala nakupiga."

Oketch akashika.

Walikuwa wanapita soko la Holo, Dalmas alipoongea tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Opiyo ni mtoto wa mama yetu mdogo. Tumekula sahani moja. Walimbeba na gari kama hii."

"Nimeambiwa."

"Wiki hii nimeona gari mbili tu kama hii. Ile, na yenu." Akapangusa pua kwa mkono. "Yadi zimejaa magari. Kwa nini mlinunua hii?"

Seline alitafuta jibu. Alifikiria mlima, lori la mawe, barafu. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa upuuzi.

"Mume wangu alitaka nguvu," alisema. "Na mimi nilinyamaza."

Dalmas aliliangalia panga, akaliondoa shingoni mwake, akaliweka chini kati ya miguu yake. Kwenye mteremko wa Kisian ziwa lilionekana likimetameta chini, na Seline akalishusha gari huko kwa kasi ambayo hajawahi kwenda nayo tena.

*

Oketch aliishi. Madaktari walisema angechelewa kidogo tu wangepokea maiti. Lakini mguu haukuokoka. Waliukata chini ya goti usiku ule ule. Waswa naye walimtoa jicho la kushoto, au kile kilichobaki, na kumfunga mbavu. Seline alishonwa shavu na shingo, akaketi kwenye benchi la ukumbini kati ya ndugu za mumewe na ndugu za Oketch, na hakuna upande uliomsemesha.

Opiyo alipatikana siku chache baadaye, ametupwa kando ya barabara katikati ya mashamba ya miwa. Alikuwa hai. Walikuwa wamemng'oa kucha za mkono mmoja, na hakuweza kusema ni akina nani, kwa maana kila alipojaribu, mdomo ulimtetemeka akanyamaza.

Polisi waliandika taarifa. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana kwamba hakuna atakayemshtaki mwenzake, na kwamba Seline na Waswa watamgharamia Oketch matibabu na mguu wa bandia. Gari liliuzwa na vioo vyake vilivyovunjika. Waswa hakwenda kuliaga. Wakati mwingine Seline alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefunika upande wa jicho lisilokuwapo.

"Ningekaa ndani ya gari," alisema siku moja, bila kuulizwa. "Ulikuwa umeanza kuongea nao. Ningekaa tu ndani."

Seline aliketi karibu naye. Hakumwambia kwamba si kweli, kwa sababu ilikuwa kweli.

Oketch aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Seline alipanda gari la abiria mpaka sokoni, akatembea kwa miguu hadi bomani kwao, na kuku mkononi. Watu wa vibandani walimtazama akipita. Muuza omena alimpungia mkono, wengine hapana. Mama yake Oketch alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba. Alimzaba kofi, kwenye shavu lile lile lililoshonwa. Seline alibaki amesimama. Mama yule akapokea kuku, akasema kwa sauti ya kukauka, "Ingia. Jua ni kali."

Oketch alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, gongo kando yake, akifuma wavu. Hakuinua kichwa. Seline alitoa salamu, haikujibiwa. Akatafuta kigoda, akaketi hatua chache kutoka kwake, akautazama uzi ukivutwa.

"Ungeenda zako," Oketch akasema hatimaye, akiongea na wavu, "ningekuchukia vizuri. Sasa hata kukuchukia imekuwa kazi."

"Nichukie tu," Seline akasema. "Mimi nitakuwa nikija."

Kijana alivuta fundo kwa meno, akalikaza. Kisha akasukuma upande mmoja wa wavu kwa gongo lake, ukamfikia Seline miguuni.

"Basi usikae bure. Hapo kumekatika."

Binti wa Luanda Kotieno, hakuhitaji kufundishwa. Akauinua wavu magotini, akaanza kufunga.